Braveheart na uasi wa William Wallace

Braveheart ni filamu ya kihistoria ya mwaka 1995 inayosimulia uasi wa Waskoti dhidi ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 13. Mel Gibson aliiongoza na kuigiza mwenyewe kama William Wallace, kiongozi wa uasi huo; mswada uliandikwa na Randall Wallace, Mmarekani mwenye ubini mmoja na shujaa wake. Filamu inakaribia saa tatu. Sehemu kubwa ilipigwa Ayalandi, ambako askari wa akiba wa nchi hiyo walijaza viwanja vya vita, leo wakiwa Waskoti, kesho Waingereza. Mwaka 1996 ilitwaa tuzo tano za Oscar, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora, na tangu hapo haijatoka midomoni mwa wanahistoria, ambao mara kwa mara huiweka katika orodha za filamu zilizoichezea historia vibaya. Wanayoyataja ni kweli. Kasoro ya orodha zao ni kwamba zinaweka sketi za Waskoti na sababu za vita katika mizani moja, kana kwamba vina uzito sawa. Makala hii inashikilia kwamba Braveheart ni utenzi uliopigwa picha, kwamba makosa yake mengi ni ya urithi, na kwamba utenzi hupimwa kwa swali moja: ni pengo lipi kati yake na historia linalogeuza sababu ya mambo, na ni lipi linalogeuza mavazi tu?

Swali hilo linaeleweka vizuri zaidi ukiliangalia kutoka mahali kama Namuwongo, mtaa wa kusini-mashariki mwa Kampala uliobanwa kati ya kilima cha Muyenga chenye nyumba za wenye nazo, eneo la viwanda na njia ya reli. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waganda, watu waliokimbia vita vya Joseph Kony kaskazini mwa nchi, Wakongomani na wengine waliofuata kibarua. Katika mitaa ya aina hii filamu za vita za kigeni zimekuwa zikitazamwa kwenye vibanda vya video: chumba cha mbao na mabati, pazia zito la kuzuia mwanga, mabenchi, skrini mbele, na nje ubao wa chaki unaotaja filamu za siku hiyo pamoja na mechi za ligi ya Uingereza. Filamu huwa imepitia kwanza kwa VJ, msimulizi anayezungumza Kiganda juu ya sauti ya waigizaji. Zamani alikaa humo humo ukumbini na maikrofoni yake. Siku hizi hurekodi, na nakala husambazwa kwa diski na flashi. VJ Jingo na VJ Junior ni majina yenye mvuto Kampala kuliko majina ya waongozaji wengi wa Hollywood, kama Lufufu alivyokuwa Dar es Salaam na DJ Afro alivyo Kenya. VJ hushusha sauti ya filamu watu wanapojadiliana kwa kirefu, huipandisha mapanga yanapogongana, humtaja mtu mbaya kabla hajatenda lolote, na hutia mzaha wa mtaani pale mwandishi alipotaka ukimya. Mmoja wa wasimulizi wa Dar es Salaam aliwahi kuifananisha kazi hiyo na kugeuza wali kuwa pilau. Jambo la kushika hapa ni kwamba mtazamaji wa kibandani husikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ya filamu kwa chini na ya VJ kwa juu, na kwa hiyo ni vigumu asahau kwamba anasimuliwa. Katika sinema kubwa ya London au New York msimulizi amefichwa ndani ya picha, na ni rahisi mtu kutoka akiamini kwamba ameyaona yaliyotokea.

Nyuma ya Gibson yupo msimulizi aliyefichwa hivyo. Huyo ni Harry, anayejulikana zaidi kama Harry Kipofu, malenga wa Kiskoti aliyetunga shairi refu juu ya Wallace miaka ya 1470, yaani zaidi ya miaka 160 baada ya shujaa huyo kuuawa. Harry alidai kwamba alifuata kitabu cha Kilatini cha John Blair, padri wa Wallace. Kitabu hicho hakijapatikana hadi leo, na wataalamu wengi wanaona ni mbinu ya malenga kujipatia mamlaka. Toleo la Kiingereza chepesi lililotolewa na William Hamilton mwaka 1722 ndilo lililoingia majumbani mwa Waskoti, na ndiyo mila ambayo Randall Wallace aliegemea. Yaliyomo kwenye filamu yamo humo kwa kiasi kikubwa: mke wa shujaa aliyeuawa na liwali wa Lanark, kisasi kinachowasha uasi, hata baba anayeitwa Malcolm. Baba huyo ni mfano mzuri wa kosa la urithi. Mwezi Oktoba 1297 Wallace na mwenzake Andrew Moray waliwaandikia wafanyabiashara wa Lübeck, Ujerumani, kuwaarifu kwamba bandari za Uskoti ziko wazi tena kwa biashara. Barua hiyo ipo hadi leo, na kwenye muhuri wake Wallace anajitaja kuwa mwana wa Alan. Hata kituko kinachochekwa kuliko vyote, mapenzi ya Wallace na binti mfalme Isabella wa Ufaransa, kina mzizi kwa Harry, ambaye katika shairi lake malkia wa Uingereza anamwendea Wallace kuomba amani. Gibson alimtoa malkia akamweka mke wa mwanamfalme, bila kujali kwamba Isabella alikuwa mtoto wa miaka kama kumi Wallace alipouawa na kwamba aliolewa mwaka 1308.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangazwa na mnyororo huo. Utenzi wa Fumo Liyongo uliandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, juu ya mtu ambaye wataalamu wamemweka popote kati ya karne ya 9 na ya 17. Edward Steere alikuwa ameshachapisha simulizi ya nathari ya habari hizo mwaka 1870. Ndani ya utenzi kuna tupa iliyofichwa kwenye mkate, ngoma inayofunika sauti ya pingu zinazokatwa, na shujaa asiyekufa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, anayeuawa na mwanawe mwenyewe. Hakuna anayeupeleka utenzi huo mahakamani kwa kosa la sindano. Wallace naye alikamatwa karibu na Glasgow mwaka 1305 kwa mkono wa Mskoti mwenzake, John Menteith, na usaliti huo ndio uliowapa malenga kazi. Shujaa anayesalitiwa na wake huimbwa muda mrefu kuliko anayeshindwa vitani. Liyongo na Wallace wanakutana hapo, ingawa wa kwanza hana hata tarehe moja ya uhakika na wa pili ana hukumu iliyoandikwa.

Lakini kuiita Braveheart utenzi si kuisamehe kila kitu. Sketi za mistari ambazo Waskoti wa karne ya 13 hawakuzivaa, rangi ya buluu usoni iliyopitwa na wakati kwa karne nyingi, haki ya bwana kulala na bibi harusi ambayo haina ushahidi: hizo ni nguo za utenzi, na ukizivua mwendo wa vita haubadiliki. Pengo la Stirling ni jambo lingine kabisa. Tarehe 11 Septemba 1297 jeshi la Uingereza chini ya John de Warenne lilifika kwenye mto Forth huko Stirling, ambako daraja lilikuwa jembamba kiasi cha kupita wapanda farasi wawili sambamba. Wallace na Moray walikaa juu ya mwinuko wa Abbey Craig wakiangalia. Hawakushuka wa kwanza walipovuka, wala hawakusubiri wote wavuke. Walisubiri hadi ng'ambo ikawa na idadi wanayoweza kuimaliza, ndipo wenye mikuki wakashuka, wakaikata njia ya darajani, na waliovuka wakabanwa kwenye tope la bonde huku wenzao wakitazama kutoka upande wa pili bila la kufanya. Hugh de Cressingham, mtunza hazina wa Edward aliyekuwa ameihimiza safari hiyo iharakishwe ili kubana matumizi, aliuawa hapo, na inasimuliwa kwamba ngozi yake ilichunwa ikagawanywa. Katika filamu hakuna daraja. Kuna uwanja wazi, hotuba juu ya farasi, mikuki mirefu iliyochongwa inayoinuliwa dakika ya mwisho, na ushindi. Andrew Moray, aliyeongoza uasi wa kaskazini na ambaye huenda ndiye aliyekuwa na ujuzi mkubwa zaidi wa vita kati ya wawili hao, hayupo kabisa. Aliumia siku hiyo na hakuishi muda mrefu baadaye, na filamu imemzika mara ya pili. Ukiliondoa daraja umeondoa subira, hesabu na ardhi, yaani vitu vilivyowawezesha watu wachache kuwashinda wengi, na mahali pake umeweka ghadhabu. Mwaka uliofuata, huko Falkirk, Edward alikuja mwenyewe na wapiga pinde, hapakuwa na mto wa kumzuia, na vikosi vya mikuki vya Wallace vilivunjwa. Mtu aliyeona Stirling bila daraja hawezi kuielewa Falkirk ila kwa usaliti wa mabwana wakubwa, na ndivyo filamu inavyoieleza.

Wapo watakaosema kwamba sinema ni burudani na hakuna anayeenda kusomeshwa humo. Hoja hiyo ina nguvu kibandani, ambako VJ mwenyewe anamkumbusha mtazamaji kwamba hii ni hadithi. Haina nguvu hiyo Uskoti. Chama cha kizalendo cha SNP kiliitumia filamu hiyo katika kampeni zake, na kura ya maoni ya kurudisha bunge la Uskoti ilipigwa tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili baada ya Stirling. Ingekuwa kutia chumvi kudai kwamba filamu ndiyo iliyoleta bunge, kwani madai hayo yalikuwa ya miongo mingi. Lakini sanamu ya Wallace yenye uso wa Gibson iliyosimamishwa kwa miaka kadhaa chini ya mnara wa Abbey Craig inaonyesha ni sura ipi iliyoshika vichwani. Wengine watageuza hoja na kusema kwamba VJ ndiye mharibifu mkubwa zaidi, kwa kuwa anapotosha kilichokwisha kupotoshwa. Ni kweli kwamba anaongeza na kupunguza. Hata hivyo anafanya hivyo kwa sauti yake, kwa jina lake, na mtu akiona amezidisha anaweza kwenda kutafuta nakala ya mwenzake. Gibson hana mshindani ndani ya filamu yake.

Jina la Uskoti si geni Kampala, hata kwa njia ya ajabu. Idi Amin, aliyelelewa kijeshi katika King's African Rifles, alipenda filimbi na sketi za Kiskoti na akajitangaza kuwa mfalme wa Uskoti miaka ya 1970. Filamu ya mwaka 2006 juu ya utawala wake, The Last King of Scotland, ilipigwa Uganda na kumpa Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Uasi wa Uganda wenyewe haujapata filamu ya ukubwa wa Braveheart. Ukitafutwa mtu wa kufaa, Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro anatosha: alipigana na Waingereza kuanzia mwaka 1894, akakamatwa huko Lango mwaka 1899 pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, akajeruhiwa mkono hadi ukakatwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, na akafia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Mwandishi wa mswada angeikuta Stirling yake haraka sana. Jeshi lililomwinda Kabalega lilikuwa na Waganda wengi, yaani watu wa Buganda, chini ya majemadari wao, akiwemo Semei Kakungulu, na kaunti za Bunyoro zilizotolewa kwa Buganda kama zawadi ya vita hivyo zilibaki kuwa ugomvi hadi kura ya maoni ya mwaka 1964 iliporudisha mbili, Buyaga na Bugangaizi. Filamu inayowaacha nje Waganda hao ingewapa watazamaji wa Namuwongo vita vya weusi na weupe, rahisi na vya kufurahisha. Ingekuwa imeondoa daraja, na VJ wa Kiganda, akiwa na maikrofoni mbele ya Wanyoro na Waganda walioketi benchi moja, ndiye angelazimika kuamua kama alirudishe.