Shamba na Mwenyeji: Historia ya Kupokelewa kwa Waliotoka Gerezani katika Nyanda za Juu za Buha

Utangulizi

Mjadala kuhusu urekebishaji wa wafungwa nchini Tanzania umejikita zaidi katika yanayotendeka ndani ya gereza: ufundi, kilimo na nidhamu. Makala haya yanatazama upande wa pili wa lango, kwa kuzingatia Muyama na vijiji vingine vya milima ya Kigoma vinavyokaliwa hasa na Waha. Hoja yake ni kwamba katika jamii ya wakulima, aliyeachiliwa huhesabiwa kuwa amerudi pale anapopata mambo mawili: shamba la kulima na mwenyeji mwenye mamlaka ya kumpokea. Historia ya Buha inaonyesha jinsi mambo hayo yalivyoondolewa mikononi mwa waliokuwa wakiyasimamia, pasipo sheria za magereza kuweka kitu mahali pake.

Kutoka fidia hadi kifungo

Katika falme za Waha, zikiwemo Heru, Muhambwe na Buyungu, kifungo cha muda maalumu hakikuwa adhabu ya kawaida. Madai mengi yalimalizwa kwa fidia, na aliyelipa aliendelea kuishi miongoni mwa wale aliowakosea. Chini ya mwami na watwale wake alikuwepo mteko, mlinzi wa ardhi, aliyegawa mashamba na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Mgeni aliyetaka kuhamia alipata mahali pa kujenga kwa kupitia kwake.

Utawala wa Wajerumani ulileta minyororo ya shingoni na kazi za shuruti. Waingereza waliwatambua watawala wa jadi chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, wakawapa pia mahakama zao, na mwaka 1931 Idara ya Magereza ikatenganishwa na Polisi. Mfumo huo ulikuwa na upendeleo na uonevu wake. Hata hivyo, katika ngazi ya utawala wa jadi, aliyehukumu hakuwa mbali na aliyejua shamba la mhukumiwa liko wapi na nani analilima.

Mwanya baada ya Uhuru

Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Sheria ya Magereza ya 1967 ilipanga kwa kina maisha ya mfungwa hadi siku ya kuachiliwa, lakini haikumtaja mrithi wa kazi ya mteko. Mwaka 1972 ilifuata Operesheni Kigoma, iliyowahamishia wananchi katika vijiji vya pamoja. Kwa aliyefungwa kabla ya uhamisho huo na kutoka baadaye, athari yake ni rahisi kuifikiria: mji aliouacha haukuwa tena na watu, na mgawo wa viwanja ulikwisha kufanyika yeye hayupo.

Mafunzo ya gerezani hayakuziba pengo hilo. Gereza la Kwitanga mkoani Kigoma linajulikana kwa mashamba yake ya michikichi. Lakini mchikichi hustawi katika maeneo ya chini yaliyo karibu na Ziwa Tanganyika, ilhali riziki ya milimani hutegemea kahawa, maharage na migomba. Ujuzi bila ardhi inayoufaa ni mzigo mwepesi wa kurudi nao.

Sheria mbili zisizokutana

Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 iliruhusu baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu kumalizia adhabu nje ya gereza kwa masharti. Hapo angalau jamii inayompokea huulizwa. Msamaha wa Rais, unaotolewa chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, hauna hatua hiyo. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao waliachiliwa mara moja. Huruma hiyo ilifungua lango, lakini maandalizi ya kijijini hayakuwa sehemu yake.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaeleza kuwa ardhi ya kimila isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Kifungo kirefu huvuka muda huo kwa urahisi. Mtu asiye na mke, ndugu au mzazi wa kulima kwa niaba yake yuko hatarini kumaliza adhabu ya mahakama na kuanza nyingine ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba enzi za mwami zirudishwe. Linalodaiwa ni kwamba kazi aliyoifanya mteko haikukoma kuhitajika, na kwamba Halmashauri ya Kijiji pamoja na Baraza la Ardhi la Kijiji ndivyo vyombo vilivyo karibu zaidi nayo leo. Kuandikisha shamba la mwanakijiji anapofungwa, kumtaja msimamizi wake, na kukiarifu kijiji kabla ya siku ya kuachiliwa ni hatua ndogo za kiutawala. Bila hizo, anayerudi Muyama atakuwa mgeni katika ardhi ya baba yake, na mgeni asiye na mwenyeji hana pa kuanzia.