Kibanio cha Kidoleni

Kile kibanio chenye taa nyekundu wanachokubana nacho kidoleni hospitali kilizaliwa na kero. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden huko Japani, alikuwa anapima kazi ya moyo kwa kupitisha mwanga sikioni. Mapigo ya damu yakawa yanamvuruga kila mara. Katika kuhangaika kuyafuta akang'amua jambo: kinachodunda ni damu ya ateri, ngozi na nyama zimetulia tuli. Basi chukua kinachodunda, acha mengine, utajua oksijeni iliyomo bila kumtoboa mtu. Mwaka 1974 kampuni ikaomba hataza.

Akili nyingi, kwa kweli. Lakini ngozi haikutoka kwenye hesabu kirahisi hivyo.

Aoyagi alifariki Aprili 2020, korona imepamba moto, kibanio chake kikiamua nani alazwe, nani arudi nyumbani. Desemba hiyohiyo watafiti wa Michigan wakachapisha matokeo yao: kifaa kinasoma asilimia 92 hadi 96, kumbe damu yenyewe iko chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi hilo lilitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu.