Utitiri wa kope: upimaji wa ukali

Utitiri wa kope ni vijidudu vya jenasi Demodex vinavyoishi kwenye ngozi ya binadamu. Demodex folliculorum, wenye urefu wa takriban milimita 0.3 hadi 0.4, hukaa kwenye vishimo vya nywele za kope. Demodex brevis, mfupi zaidi, hujificha ndani ya tezi za mafuta. Watu wazima wengi wanao bila kuugua, kwa hiyo kuuona tu hakutoshi kumwita mtu mgonjwa.

Mgonjwa huambiwa atazame chini, na daktari wa macho huchunguza mashina ya nywele za kope ya juu kwa hadubini yenye mwali mwembamba wa mwanga. Anatafuta magamba yaliyozunguka shina la unywele mithili ya kola: mabaki ya seli na keratini, pamoja na taka na mayai ya utitiri. Kipimo kimoja kinachotumika huhesabu nywele zenye kola hizo. Zikiwa 0 hadi 2 ni daraja 0. 3 hadi 10, daraja 1. Zaidi ya 10 lakini chini ya theluthi ya nywele zote, daraja 2. Theluthi moja hadi chini ya theluthi mbili, daraja 3. Theluthi mbili au zaidi, daraja 4.

Unywele ukinyofolewa ili utitiri uhesabiwe maabara, utitiri mwingine hubaki kishimoni, hivyo hesabu hiyo huweza kuwa ndogo kuliko idadi halisi.