Treni za Usiku za Kuvuka Mipaka: Zilivyokufa na Zinavyofufuka

Sisi wa umri wa miaka arobaini na kitu hapa Mombasa twaikumbuka treni ya usiku ya Nairobi. Ukishaswali Magharibi unakwenda stesheni, unatafuta behewa lako, unatandikiwa kitanda, na kukipambazuka unaona nyika. Treni ile ilikoma mwaka 2017 SGR ilipoanza. SGR nayo ina safari ya usiku, lakini ni ya viti na haivuki mpaka wowote.

Wazee wetu waliona zaidi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Tawi la Voi lilipita Taveta hadi Moshi. Shirika lilikuwa moja kwa nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kipande chake cha reli, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya Nairobi na Kampala ikakoma.

Mwaka huohuo wa 1977, Ulaya nayo iliaga treni yake mashuhuri. Orient Express, iliyoanza mwaka 1883, ilifanya safari yake ya mwisho ya moja kwa moja kutoka Paris hadi Istanbul. Ulaya haikuwa na jumuiya iliyovunjika, basi treni hizi ziliuawa na nini?

Kwanza ni mwendo. Ufaransa ilianzisha treni za kasi mwaka 1981, na safari ya kulala njiani ikawa ya saa chache za mchana. Treni ya usiku ya Paris na Madrid ilikoma Desemba 2013, mwezi uleule treni ya kasi ilipoanza kwenda moja kwa moja kati ya Paris na Barcelona. Pili ni ndege za bei nafuu, zilizoenea baada ya soko la anga la Ulaya kufunguliwa miaka ya 1990. Mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi, ilhali treni hulipia kila kilomita ya reli inayopita.

Tatu ni hesabu ya kitanda. Behewa la viti laweza kubeba watu sabini au zaidi, na kiti kimoja huuzwa mara kadhaa kwa siku. Behewa la vitanda hubeba nusu ya hao au pungufu, na kitanda huuzwa mara moja tu kwa usiku. Juu yake kuna mashuka na mhudumu wa kukesha. Mpaka nao una gharama zake: umeme wa reli za Ujerumani si sawa na wa Italia, na reli za kawaida za Hispania ni pana kuliko za Ufaransa.

Desemba 2016 shirika la reli la Ujerumani liliacha kabisa treni za vitanda. Wengi walidhani ndio mwisho. Austria ikafanya kinyume: shirika lake, ÖBB, lilinunua sehemu ya mabehewa hayo na kuanzisha Nightjet. Watu wanaojali hali ya hewa walikuwa wameanza kuzikwepa ndege, na abiria wakaonekana. Mwaka 2023 yakaanza mabehewa mapya, yakiwemo yenye vijichumba vya mtu mmoja mmoja, ili msafiri wa peke yake asilale na wageni. Mwaka huo pia kampuni ya European Sleeper ilianza safari ya Brussels na Berlin, ikafika Prague mwaka 2024.

Lakini chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Treni ya usiku ya Paris na Berlin ilirudi Desemba 2023, na ilipofika Desemba 2025 ÖBB ikaiacha, kwa kuwa serikali ya Ufaransa iliondoa ruzuku yake. European Sleeper ikatangaza kuichukua njia hiyo kuanzia Machi 2026. Kwa hivyo abiria kuwepo hakutoshi. Lazima awepo wa kukubali kubeba pengo la hesabu.

Turudi kwetu. Uganda ilitia saini mwaka 2024 mkataba wa kujenga SGR kutoka Malaba hadi Kampala, na Kenya imekusudia kuifikisha ya kwake mpakani hapo. Reli zikiwa za upana mmoja, kikwazo kikubwa kitakuwa kimeondoka. Tangu mwaka 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho chake tu.

Kinachozungumzwa sana ni makontena. Sisi wa Pwani tuna watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, na wafanyabiashara wanaokwenda Kampala, wote wakikesha kwenye mabasi huku mzazi nyumbani hapati usingizi mpaka simu ilie. Ulaya imetufunza kuwa vitanda haviji vyenyewe baada ya reli kujengwa. Huombwa mapema, na hutengewa fedha. Wabunge wetu wanapoulizwa kuhusu SGR ya Malaba, waulizwe na hili: abiria wa usiku yumo kwenye hesabu, au ni mizigo tu?