Breki ya Seli

Limfoma ilimuua mama yake James Allison huko Texas, mwanawe akiwa bado mtoto. Miaka ya tisini, Berkeley, Allison alikuwa akichunguza CTLA-4, protini inayokaa juu ya seli T, askari wa kinga ya mwili. Wapo walioamini inaiambia seli ikanyage mafuta. Maabara yake ikaonyesha ni breki.

Mwishoni mwa 1994 panya wenye uvimbe walidungwa kingamwili za kuizuia breki hiyo isikamate. Uvimbe ukayeyuka. Jaribio likarudiwa wakati wa Krismasi, Allison mwenyewe akipima bila kujua panya yupi kapewa nini. Mwanzoni uvimbe ulizidi kukua kwa wote. Kisha kwa baadhi yao ukasita, ukanywea.

Siwezi kuisoma sehemu hii kwa utulivu. Msibani kwa shangazi yangu tulisema mwili wake ulichoka kupigana. Huenda haukuchoka, huenda ulizuiwa.

Dawa yenyewe, ipilimumabu, iliidhinishwa Marekani 2011 kwa melanoma iliyosambaa. Tuzo ya Nobeli ikaja 2018, Allison pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua breki nyingine, PD-1. Ila breki hizi hazikuwekwa bure: zikilegezwa, seli T huweza kuugeukia utumbo wa mgonjwa mwenyewe.