Mitego ya Krefeld: Wapenzi wa Wadudu katika Hifadhi za Ujerumani

Mwaka 1905, katika mji wa Krefeld ulioko magharibi mwa Ujerumani, wapenzi wa wadudu waliunda chama ambacho kingali hai, na ambacho wanachama wake, wengi wao wakiwa hawakusomea elimu ya wadudu chuoni, walizoea kukusanya na kutambua wadudu bila ujira wowote.

Tangu miaka ya 1980 walitega katika hifadhi za asili mtego uliobuniwa na Msweden René Malaise katika miaka ya 1930, nao ni hema la wavu lililo wazi ubavuni, ambamo mdudu arukaye, akizuiwa na pazia la katikati, hupanda kuelekea kwenye mwanga na kutumbukia katika chupa ya alkoholi. Mtego huo unajulikana kwa wataalamu kote duniani. Kilichokuwa adimu ni ukaidi wa watu hawa wa kutobadili kitu, kwani muundo wa hema na namna ya kuchuja na kupima uzito vilibaki vilevile miaka nenda miaka rudi, na chupa zilitunzwa hata pale ambapo nzi na nyigu waliokuwamo walikuwa wengi mno kutambuliwa mmoja mmoja.

Mwaka 2013 walipotega tena katika hifadhi ya Orbroicher Bruch, mahali walipokuwa wametega mwaka 1989, uzito wa wadudu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75. Mwaka 2017, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walichapisha hesabu za hifadhi 63 kwa kipindi cha miaka 27, zilizoonyesha upungufu wa asilimia 76, na 82 katikati ya kiangazi. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba hifadhi nyingi zilitegwa mwaka mmoja tu na kwamba uzito hausemi ni spishi zipi zilizopotea. Hata hivyo, mabadiliko ya hali ya hewa na ya uoto hayakutosha kueleza anguko hilo, na macho yakaelekezwa kwenye mashamba yaliyozizunguka karibu hifadhi zote hizo, ingawa takwimu za viuatilifu hazikuwapo.

Mwaka 2021 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kulinda wadudu, inayobana matumizi ya viuatilifu katika hifadhi nyingi.