Itifaki za Redio Katika Mikrokontrola Isiyo na Mfumo Endeshi

Itifaki ya mawasiliano yasiyotumia waya hujengwa kwa matabaka. Tabaka la chini huendesha redio. La kati huamua ni lini kifaa kitume, ni lini kisikilize na pakiti ipi irudiwe. La juu hushughulikia usalama, anwani na data ya mtumiaji. Katika kompyuta na simu, matabaka haya hutegemea mfumo endeshi, ambao hugawa muda wa kichakataji, hutunza kumbukumbu na kuamsha kila kazi saa yake inapofika. Katika mikrokontrola ndogo, kama zile za mita za maji na vihisio vya unyevu wa udongo, mfumo huo mara nyingi haupo. Hoja ya makala hii ni kwamba kukosekana kwake hakuondoi kazi zake, bali huzihamishia kwa mwandishi wa itifaki. Uhamisho huo una faida pale ambapo mipaka yote ya muda inajulikana mapema na redio ina bwana mmoja. Nje ya hapo, gharama huzidi faida.

Sababu ya kwanza ya kuacha mfumo endeshi ni kumbukumbu. Chipu ya nRF51822 ya kampuni ya Nordic Semiconductor, iliyotumika sana katika vifaa vya awali vya Bluetooth Low Energy, ilikuwa na matoleo yenye RAM ya kilobaiti 16 tu. Chini ya mfumo kama FreeRTOS, kila kazi hutengewa eneo lake la kuhifadhia vigeu vya muda na anwani za kurejea, na eneo hilo hukadiriwa kwa hali mbaya kuliko zote. Kazi 5 zikipewa kilobaiti 1 kila moja, karibu theluthi ya RAM huwa imekwisha kabla ya pakiti ya kwanza kupokelewa.

Programu isiyo na mfumo endeshi kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kitanzi kikuu: hukagua kama kuna tukio, hulishughulikia hadi mwisho, kisha hukilaza kichakataji iwapo hakuna jingine. Ya pili ni ukatizo, yaani ishara ya maunzi inayokisimamisha kitanzi kwa muda mfupi ili kipande kidogo cha programu kihudumie redio au kipima muda. Kipande hicho hunakili saa ya tukio, huliweka tukio kwenye foleni na kuondoka. Itifaki yenyewe huandikwa kama mashine ya hali: kulala, kutuma, kungoja, kupokea, na kila hali inajua matukio inayoyakubali na hali inayofuata. Hakuna sehemu inayoruhusiwa kukaa ikisubiri, kwa kuwa mmoja akisubiri, wote wamesubiri.

LoRaWAN, itifaki ya vihisio vya masafa marefu inayotumia redio ya LoRa, inaonyesha vizuri uwezo wa muundo huu. Kwa kawaida, kifaa cha daraja A hutuma pakiti, kisha hufungua madirisha mawili tu ya kupokea: la kwanza sekunde 1 baada ya kumaliza kutuma, la pili baada ya sekunde 2. Kinapoomba kujiunga na mtandao, madirisha husogezwa hadi sekunde 5 na 6. Muda uliobaki kichakataji kinaweza kulala. Hata hivyo, urefu wa kungoja usichukuliwe kuwa ulegevu wa mpaka. Kwenye kiwango cha kutawanya mawimbi (spreading factor) cha SF7 na upana wa bendi wa kHz 125, alama moja ya LoRa huchukua milisekunde 1.024, na alama 8 za utangulizi wa pakiti hupita katika milisekunde 8.2 hivi. Kwenye SF12, alama hizohizo huchukua milisekunde 262. Programu iliyokwama milisekunde 10 ikisubiri kipimo cha joto haitadhurika kwenye SF12, lakini kwenye SF7 inaweza kupitwa na alama hizo zote na kuikosa pakiti.

Saa nayo ina sehemu yake katika hesabu. Fuwele yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotoka mikrosekunde 20 kwa sekunde, ilhali saa ya ndani ya chipu yenye kosa la asilimia 1 hupotoka milisekunde 10. Mwandishi hulazimika kufungua dirisha mapema na kulirefusha kulingana na kosa hilo, na kila milisekunde ya ziada hulipwa na betri. Hesabu hii haibadiliki kwa kuwepo au kutokuwepo kwa mfumo endeshi.

Bluetooth Low Energy ina mipaka mikali zaidi. Baada ya pakiti moja kuisha, ya kujibu huanza mikrosekunde 150 baadaye. Kwenye kichakataji cha MHz 16, huo ni muda wa mizunguko 2,400, na ndani yake redio lazima igeuzwe kutoka kupokea kwenda kutuma. Hapa ndipo linapovunjika dai kwamba muda mkali huhitaji mfumo endeshi: zamu za kazi za kawaida haziwezi kutegemewa kukamilisha jambo hilo kila mara. Suluhisho ni maunzi. Katika nRF51822, tukio la redio linaweza kuunganishwa moja kwa moja na kipima muda bila kupitia kichakataji, na matabaka ya chini yaliyomo ndani ya SoftDevice, programu ya itifaki inayotolewa na Nordic, hushika ukatizo wenye kipaumbele cha juu kabisa. Programu ya mtumiaji huendelea na kitanzi chake rahisi. Njia kama hiyo ilitumika katika chipu ya CC2420 ya IEEE 802.15.4, ambayo iliweza kutuma yenyewe jibu la kuthibitisha kupokea.

Matabaka ya juu yana tatizo tofauti: mfuatano mrefu wa hatua. Adam Dunkels wa Sweden, mwandishi wa lwIP, aliiandika maktaba hiyo ya TCP/IP ili iweze kutumika pasipo mfumo endeshi. Ikiwekwa katika hali hiyo, soketi za kawaida hazipatikani. Programu husajili vipande vya kuitwa tukio linapotokea, na kitanzi hukagua vipima muda vya itifaki. Sharti ni moja: maktaba isiitwe kutoka kwenye kitanzi na kwenye ukatizo kwa wakati mmoja. Dunkels pia alishiriki kubuni protothreads, mbinu inayoruhusu msimbo wa matukio kuandikwa kama mfuatano wa kawaida kwa gharama ya baiti 2 hivi za hali kwa kila uzi. Bei yake ni kwamba vigeu vya ndani havihifadhiwi uzi unaposubiri.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kupoteza mwamko: kitanzi hukuta foleni tupu, ukatizo huingiza tukio, kisha kitanzi hulala bila kujua. Ili kuliepuka, kwenye vichakataji vya Cortex-M ukatizo huzuiwa kwanza, foleni hukaguliwa, kisha amri ya kulala hutolewa; ukatizo unaosubiri bado hukiamsha kichakataji. La pili ni kulinganisha saa moja kwa moja. Kihesabio cha biti 32 kinachohesabu milisekunde hurudi sifuri baada ya siku 49.7; kutoa saa moja kutoka kwa nyingine huepusha hitilafu hiyo.

Ukomo wa njia hii huonekana kazi ndefu zinapoingia. Kuunganisha vifaa kwa usalama kulikoletwa na Bluetooth 4.2 hutumia hesabu za kriptografia za mkunjo wa P-256, ambazo kwenye kichakataji kidogo zinaweza kuchukua mamia ya milisekunde au zaidi. Bila mfumo endeshi, hesabu hiyo lazima ikatwe vipandevipande. Wi-Fi, TLS na maktaba za wengine zikikutana katika chipu moja, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kila kipande kitarudisha zamu kwa wakati. Kwa chipu yake ya Wi-Fi ya ESP8266, kampuni ya Espressif ilitoa vifurushi viwili vya programu, kimoja bila mfumo endeshi na kingine chenye FreeRTOS. Kwa ESP32, kifurushi chake kikuu kikajengwa juu ya FreeRTOS.

Kwa hiyo, kigezo cha kuchagua ni uwezo wa kuorodhesha kila mpaka wa muda na kila kipande kirefu cha msimbo. Orodha hiyo ikikamilika na kutoshea kwenye kitanzi, mfumo endeshi ni mzigo usio na kazi. Isipokamilika, unahitajika.